Kufunga redio ya upepo kwenye pikapu: waya kwanza, redio mwisho

Mtu akishanunua redio ya upepo ya gari, swali lake la kwanza huwa ni lilelile: niikalishe wapi kwenye dashibodi? Ni swali dogo kuliko yote. Redio imetoka kiwandani imeshapimwa. Kibano chake na skrubu nne, imekaa. Kitakachoamua kama utasikika ni njia mbili unazozitengeneza kwa mikono yako: njia ya umeme kutoka kwenye betri hadi kwenye redio, na njia ya mawimbi kutoka kwenye redio hadi angani. Nimefungua kazi nyingi za mafundi wengine, na zangu za zamani pia, na karibu kila mara ugonjwa nimeukuta palepale: bolti iliyokazwa juu ya rangi.

Maelezo haya ni ya redio ya VHF (masafa ya karibu megahezi 150) au UHF (karibu 450) ya volti 12 yenye nguvu ya wati 25 hadi 50, ile inayofungwa na watu wa ulinzi, mashamba, hifadhi, ujenzi na wapenzi wa redio za ridhaa. CB ya megahezi 27, yaani redio za raia, na HF, yaani masafa ya chini ya megahezi 30, hufungwa kwa misingi hiyohiyo, ila antena zake ni ndefu na kelele za gari huzisumbua zaidi. Nitazigusa njiani.

Suala la leseni lisikupite. Kila nchi ina mamlaka yake inayogawa masafa, na redio hupangiwa chaneli kulingana na kibali ulichopewa. Mwenye leseni ya ridhaa haruhusiwi kuingia kwenye chaneli ya kampuni, na kampuni hairuhusiwi kuingia kwa watu wa ridhaa, hata kama redio yenyewe inafika huko. Maliza hilo kabla hujashika spana, kwa sababu antena hukatwa kwa urefu wa masafa yako. Ukikata kwanza ndipo upewe chaneli, utanunua fimbo nyingine.

Kagua gari kabla ya kununua waya

Fungua boneti. Pima betri injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inanguruma: pikapu ya volti 12 yenye afya itasoma kati ya 12.4 na 12.7 ikiwa imezimwa, na kati ya 13.5 na 14.5 ikiwaka. Ukikuta 24 au zaidi, usiunge redio moja kwa moja. Itahitaji kifaa cha kushusha volti, tena kinachoweza kubeba ampea zote za kurusha. Kuna wanaochukua volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili zilizofungwa kwa mfululizo. Hiyo betri moja itakuwa inanyonywa kila siku huku mwenzake ikichajiwa kupita kiasi, na mwisho zote mbili zinakufa.

Kisha soma kitabu cha gari, sehemu inayohusu vifaa vya kurusha mawimbi. Watengenezaji wengi wameandika humo nguvu inayoruhusiwa na mahali antena inapofaa kukaa. Angalia mifuko ya hewa iko wapi. Kwenye kebini nyingi za milango minne kuna mfuko mrefu uliokunjwa juu ya milango, unaoshuka kama pazia gari likigonga. Kebo ya antena ikipita mbele ya mfuko huo, au redio ikikaa mahali mfuko wa dashibodi unapofunguka, umetengeneza rungu litakalompiga abiria usoni.

Mwisho, chukua sumaku ndogo uipitishe kwenye paa. Ikishika, ni chuma. Isiposhika ni alumini au plastiki, na hapo mpango wa antena unabadilika.

Mahali pa antena

Hapa ndipo pa kutumia muda. Antena ya robo wimbi, ile fimbo moja nyembamba, ni nusu tu ya antena. Nusu nyingine ni chuma kilicho chini yake. Mkondo unaopanda kwenye fimbo lazima uwe na mwenzake unaotandaa kwenye bati la paa; bati lisipokuwepo, mkondo utatafuta pa kutandaa penginepo, na mara nyingi hupata ganda la nje la kebo, ukarudi nalo hadi kwenye redio na kwenye maiki iliyo mkononi mwako. Ndiyo maana watu wengine huhisi kama wanachomwa midomo wanapoongea.

Urefu wa robo wimbi kwa mita hupatikana kwa kugawa 75 kwa masafa yako ya megahezi, kisha punguza kidogo, kama asilimia 3 hadi 5, kwa kuwa wimbi hukimbia polepole kidogo kwenye fimbo kuliko hewani. Kwa megahezi 150 ni kama sentimita 48. Kwa 450 ni 16 tu. Kwa CB ya megahezi 27 ni zaidi ya mita mbili na nusu, ndiyo maana antena fupi za CB huwa na koili: koili inadanganya urefu, na udanganyifu huo unalipiwa kwa umbali unaofika.

Chuma cha chini nacho kinatakiwa kifike angalau robo wimbi kila upande wa fimbo. Paa la kebini ya pikapu kwa VHF linatosha, hata ile ya milango miwili. Kwa hiyo jibu langu kwa anayeuliza antena ikae wapi ni fupi: katikati ya paa, kwenye tundu lililotobolewa. Najua hakuna anayependa kusikia kuhusu kutoboa paa la gari lake. Lakini hakuna mahali pengine panapotoa mawimbi sawa pande zote, na tundu la milimita 19 lililofungwa vizuri halivuji.

Ukikataa kutoboa, zipo njia nyingine, kila moja na bei yake. Kibano kwenye ukingo wa boneti hufanya kazi nzuri kiasi, ila mawimbi huegemea upande ule wenye chuma kingi: antena ya kona ya mbele kushoto husikika zaidi kuelekea nyuma kulia. Kwenye ukingo wa bodi ya nyuma, kebini yenyewe inakuwa ukuta mbele ya antena. Gari likielekea kwa unayeongea naye, atakusikia kwa taabu. Antena ya sumaku ni ya haraka, na kwa gari la kukodi au la majaribio sina ugomvi nayo. Kwa gari la kazi, vumbi huingia chini ya sumaku, rangi inasagika, na tawi moja la mti linatosha kuipeperusha. Kuiwekea antena nguzo juu ya keria ya paa ni kuiondolea chuma cha chini, labda utumie antena ya nusu wimbi isiyotegemea sana bati. Hiyohiyo ndiyo ninayoishauri kwa paa la plastiki.

Vipi kuhusu antena ndefu ya tano-kwa-nane ya wimbi, ile ya kama mita 1.2 yenye koili kwenye kitako? Hubana mawimbi chini kuelekea upeo wa macho na kuongeza hadi desibeli 3 hivi, ambazo ni sawa na kuzidisha wati mara mbili. Kwenye nchi tambarare inalipa. Kwenye mabonde na milima, ambapo kituo cha kurudia, kile kinachopokea mawimbi yako na kuyarusha upya, kiko juu ya kilele na wewe uko shimoni, robo wimbi fupi hushindana nayo na mara nyingine huizidi, na haigongi matawi. Pima pia milango unayopita: pikapu yenye urefu wa mita 1.8 ikipewa robo wimbi ya VHF inafika karibu mita 2.3.

Kutoboa paa

Tafuta katikati ya paa kwa futi, kisha gonga kwa kidole. Mahali panapolia kama ngoma ni bati tupu. Panapolia kizito kuna mbavu chini yake. Epuka mbavu, epuka taa ya ndani. Shusha kitambaa cha dari upande mmoja, kwa kawaida kwa kutoa vishikizo vya mkono, vizuizi vya jua na taa, uangalie kwa tochi kilichopo juu. Wapo waliotoboa nyaya za taa kwa kuamini macho ya nje tu.

Bandika tepu ya karatasi mahali pa kutoboa, weka alama, piga nukta kwa patasi yenye ncha. Anza na drili ndogo ya milimita 3, halafu tumia msumeno wa duara wa milimita 19 unaofaa kitako cha aina ya NMO. Ipo misumeno iliyotengenezwa kwa kazi hii yenye kizuizi kinachoizuia isizame ndani ya kitambaa. Ikiwa yako haina, weka kipande cha mbao chini ya bati. Zungusha polepole, usikandamize. Msumeno ukikaribia kutokeza utasikia sauti inabadilika, inakuwa ya kukwaruza. Legeza mkono hapo hapo.

Vumbi la chuma lililobaki juu ya paa litakuwa madoa ya kutu baada ya mvua ya kwanza, kwa hiyo likusanye kwa sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Ukigeuza mfuko, vumbi lote linabaki ndani yake. Lainisha ukingo wa tundu kwa tupa ya mviringo.

Sasa geukia upande wa chini. Meno ya kitako cha NMO hung'ata bati kwa ndani, na ndipo ganda la kebo linapopata mwili wa gari. Kwangua rangi kuzunguka tundu, upana wa milimita 5 hivi, mpaka chuma king'ae. Paka grisi nyembamba ya kuzuia kutu kwenye hicho chuma kitupu, kaza kitako. Juu, ukingo wa bati ulioachwa wazi na drili upake rangi kidogo kwa brashi, na hakikisha raba ya kuzuia maji imekaa sawa, haijakunjika. Silikoni sipaki chini ya raba. Ikiingia kwenye uzi wa skrubu, siku ya kufungua utalia.

Chukua mita, uweke kwenye omu. Ganda la konekta upande wa redio hadi kwenye bolti tupu ya bodi: inatakiwa isome chini ya nusu omu. Ikisoma zaidi, hujakwangua vya kutosha.

Kebo ya antena

Kebo nyembamba ya RG-58, yenye unene wa milimita 5, inatosha kwa gari. Kwa mita 5 kwenye VHF inakula kama desibeli 1, yaani karibu moja ya tano ya nguvu yako. Kwenye UHF inakula karibu mara mbili ya hapo, kwa hiyo huko usibaki na mita za ziada zilizoviringishwa chini ya kiti. Kata kwa urefu unaohitaji, bakiza kama sentimita 30 za kufanyia kazi.

Ipitishe juu ya kitambaa cha dari, ishuke kwenye nguzo ya mlango nyuma ya mfuko wa hewa, na uifunge kwa kufuata mafungu ya nyaya za gari lenyewe. Kona zake ziwe pana, zisipungue sentimita 5. Kebo iliyobanwa na mlango kila siku inabonyea, waya wa kati unahama kuelekea kwenye ganda, na siku moja unagusana nalo. Kama huna budi kuingiza kebo kupitia mlangoni au kwenye ukuta wa injini, iache ining'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kuingia, ili maji yadondokee pale badala ya kuifuata hadi ndani.

Konekta ya PL-259 ndiyo inayoonekana zaidi kwenye redio za gari, ingawa nyingine hutumia BNC, N au mini-UHF. Ukiifunga kwa risasi ya kuchomelea, tatizo kubwa ni joto: pasi dogo la kuchomelea halipashi ganda la konekta, unakaa muda mrefu, na plastiki ya ndani ya kebo inayeyuka. Tumia pasi lenye nguvu, fanya haraka. Ukiwa na koleo sahihi, konekta za kubana ni salama zaidi kwa fundi wa mara moja moja. Ukimaliza, pima: waya wa kati na ganda visigusane kabla hujafunga fimbo. Fahamu tu kwamba antena nyingine zenye koili huonyesha kama zimegusana kwenye mita, kwa sababu koili imeunganishwa chini. Soma karatasi yake kabla ya kuhangaika.

Umeme

Redio ya wati 50 ikirusha huvuta ampea 10 hadi 12. Ikisikiliza tu, nusu ampea au pungufu. Usiuchukue umeme huo kwenye tundu la kiwashia sigara. Waya wake mwembamba haukukusudiwa kazi hiyo, na pini yake hulegea kila gari linaporuka shimo.

Vuta nyaya mbili kutoka upande wa betri. Unene wake si suala la kukisia. Chukua urefu wa kwenda na kurudi kwa mita, zidisha kwa 0.0175, gawa kwa unene wa shaba kwa milimita za mraba; umepata omu. Zidisha kwa ampea, umepata volti zinazopotea. Kwa mita 4 kwenda na 4 kurudi, waya wa milimita 2.5 za mraba kwa ampea 12 unapoteza volti 0.67. Wa 4 unapoteza 0.42. Wa 6 unapoteza 0.28. Mimi hutumia 4 kwa redio ya wati 25 na 6 kwa ya 50. Angalia pia kama ni shaba kweli: kwangua ncha kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe.

Fyuzi ya waya mwekundu ikae karibu na betri, isizidi sentimita 20 kutoka kwenye kichwa chake. Fyuzi hii inalinda waya; redio ni mnufaika wa pili. Waya ukichubuka kwenye ukuta wa injini na fyuzi iko huko ndani nyuma ya redio, betri nzima itamwaga umeme wake kwenye bodi na hakuna cha kuizuia, na mwisho wa habari hiyo ni moto. Ampea 15 au 20 hufaa kwa redio ya wati 50. Fuata kilichoandikwa kwenye waya uliokuja nayo. Ifunge ikiwa tupu, uichomeke ya mwisho kabisa kazi ikiisha.

Kupita ukuta wa injini, tafuta tundu ambalo tayari lina raba, lile la nyaya za kiwandani. Mara nyingi kuna chuchu ya ziada isiyotumika unayoweza kukata ncha yake. Ukilazimika kutoboa, weka raba yako kabla waya haujapita, na uvike waya mrija wa plastiki wenye mikunjo mbali na bomba la moshi.

Waya mweusi ndio wenye maneno. Wengi huupeleka moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Matatizo ni mawili. Kwanza, magari mengi ya karibuni yana kihisi kwenye kibano cha hasi kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ukiunga juu ya nguzo ya betri, umekipita kihisi bila kukilipa, na kompyuta ya gari inachaji kwa hesabu isiyo sahihi. Pili, ule mkanda mnene unaounganisha betri na injini ukilegea au kuoza, stata itatafuta njia nyingine ya kurudishia mamia ya ampea zake, na njia hiyo inaweza kuwa waya wako mweusi, kupitia redio, kupitia ganda la kebo ya antena. Kwa hiyo eathi ya redio naifunga pale kebo ya hasi ya betri inaposhikana na bodi, kwenye bolti ileile au jirani yake. Kama utalazimika kuunga betrini, waya mweusi nao uwe na fyuzi.

Tena isiwe bodi ya nyuma. Kwenye pikapu nyingi kebini hukaa juu ya raba, bodi ya nyuma nayo ni kipande cha peke yake juu ya chasisi, na kati yao kunaweza kuwa na muunganiko hafifu wa kutu na matope.

Kuna mzee mmoja dereva niliyemfungia redio nikiwa bado na haraka ya ujana. Kesho yake alirudi. "Kijana, hii redio yako ina kigugumizi," akaniambia. "Kupokea napokea vizuri. Nikibonyeza niongee, wanasema nakatika katika." Nikapima nyuma ya redio: 13.9 ikisikiliza. Nikambonyezea maiki, kioo kikafifia, mita ikasoma 10.4. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye hasi ya redio, nikabonyeza tena. Volti 3, kwenye waya ambao haukutakiwa kuwa na hata nusu volti. Eathi nilikuwa nimeifunga kwenye bolti ya kiti, nyeusi, nzuri, imepakwa rangi ya kiwandani kila upande. Dakika tano za msasa na washa yenye meno, ikasoma 13.4. Mzee akaondoka bila kunidai nauli ya kurudi, nami kipimo kile cha ncha mbili sijakiruka tena kwenye gari lolote.

Fanya hivyohivyo upande wa chanya. Ni kipimo kinachokuambia hasa volti zinapotelea wapi, wakati kupima betri tupu hakukuambii chochote.

Sasa, redio iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri itabaki ikiwaka dereva akisahau. Nusu ampea kwa saa 24 ni ampea-saa 12. Siku tatu za gari kulala ni 36, zaidi ya nusu ya betri ya 60. Redio nyingi zina waya mwembamba wa kuhisi ufunguo. Uunge kwenye fyuzi inayowaka ufunguo ukiwa kwenye nafasi ya vifaa, kwa fyuzi ya ampea 1 au 2. Zisizo nao, weka rilei ya ampea 30 kwenye waya mwekundu, iamshwe na ufunguo.

Redio yenyewe

Sasa ndiyo zamu yake. Ikae mahali penye hewa, kwa kuwa mgongo wake hupata joto unaporusha muda mrefu, mbali na goti la dereva na mbali na njia ya mifuko ya hewa. Chini ya kiti ni pazuri ikiwa kichwa chake kinatenganishwa, lakini inua sentimita chache kutoka sakafuni, maana maji ya viatu na ya kuosha gari hukusanyika hapo. Ndoano ya maiki iwekwe pale mkono unapoifikia macho yakiwa barabarani. Spika ya ndani ya redio iliyofichwa haisikiki pikapu ikiwa kwenye changarawe, kwa hiyo weka ya nje karibu na sikio.

Kupima antena

Usibonyeze maiki hata mara moja antena ikiwa haijafungwa. Nguvu isiyokuwa na pa kwenda inarudi kwenye transista za mwisho.

Toa gari mahali pa wazi, mbali na kuta na magari mengine, funga milango, watu wakae pembeni. Unga mita ya SWR, inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudi kutoka kwenye antena, kati ya redio na kebo, weka redio kwenye nguvu ndogo, chagua chaneli ya chini kabisa kati ya zako, ya kati, na ya juu. Sikiliza kwanza kama ni tupu, jitambulishe, rusha sekunde chache, andika namba.

SWR ya 1.5 ina maana asilimia 4 ya nguvu inarudi. Kwenye 2 inarudi 11, kwenye 3 inarudi robo, na redio nyingi hapo hujipunguza zenyewe. Chini ya 1.5 acha, umemaliza. Kupigania 1.1 ni burudani tu.

Namba ikipanda kadiri unavyopanda chaneli, fimbo ni ndefu. Ikishuka kadiri unavyopanda, ni fupi. Karibu na megahezi 150, milimita 3 za fimbo ni sawa na megahezi 1, kwa hiyo kata kwa milimita 2 au 3, pima, kata tena. Kila unapokata, lainisha ncha na rudisha kifuniko chake kabla ya kupima. Ikiwa namba ni mbaya kila mahali, zaidi ya 3 juu na chini, usiguse fimbo: tatizo ni konekta, kebo, au ile eathi ya kitako.

Na SWR nzuri mno kwenye chaneli zote iogope. Kebo iliyoingiwa na maji hula nguvu ikienda na ikirudi, mita haioni kinachorudi, inakupongeza. Niliwahi kuona moja ya 1.1 kutoka chini hadi juu ambayo haikusikika hata ng'ambo ya uwanja.

Kelele

Washa injini, fungua skwechi (kile kitufe kinachozima mvumo redio isipopokea kitu), usikilize. Mluzi unaopanda na kushuka na kasi ya injini, na hasa wenzako wakikuambia unasikika kwenye sauti yako, huingia kwa waya wa umeme kutoka kwenye oltaneta. Rudi kwenye eathi kabla ya kununua kichujio. Tiki-tiki inayofuata kasi ya injini ya petroli ni plagi na waya zake. Mvumo wa kudumu unaoanza ufunguo ukigeuzwa mara nyingi ni pampu ya mafuta. Lakini kabla ya yote hayo, chomoa chaja ya simu. Chaja za bei nafuu na taa za LED za kuongezea zimenipotezea saa nyingi kuliko oltaneta zote.

Redio za VHF na UHF za kazi hutumia FM, ambayo haijali sana cheche, kwa kuwa cheche hubadili ukubwa wa wimbi, na FM husoma mabadiliko ya masafa. Hiyo ndiyo faida aliyoitafuta Edwin Howard Armstrong, ambaye hataza zake za FM zilitoka 1933. CB ya AM, inayosoma ukubwa wa wimbi, na HF hazina ngao hiyo. Huko utalazimika kuunganisha boneti, kebini, bodi ya nyuma na bomba la moshi kwenye chasisi kwa mikanda mipana ya shaba iliyosukwa, mifupi kadiri inavyowezekana, kila ncha juu ya chuma kilichokwanguliwa.

Kabla ya kumkabidhi dereva

Mwonyeshe antena na umwambie asirushe kukiwa na watu wamesimama bodi ya nyuma karibu nayo. Kwa wati 50, wakae mbali, angalau mita moja, na asiiguse mtu. Azime redio anapojaza mafuta, na anapokaribia eneo la kulipulia miamba, kwa sababu mawimbi yanaweza kuingiza umeme kwenye nyaya za viwashio vya baruti.

Wiki mbili za barabara mbovu zikipita, mwambie alirudishe gari. Kaza tena kitako, bolti ya eathi na vichwa vya betri, ugeuze kishikizo cha fyuzi uone kama plastiki imebadilika rangi kwa joto. Kisha pima tena volti nyuma ya redio ikirusha, na SWR ya chaneli ya kati, uandike namba zote mbili na tarehe kwenye kipande cha tepu, ukibandike ndani ya boneti ambako fundi atakayekuja baada yako atakiona.